Mishale ya Saa ya Bi Calame

Jumatatu, 4 Machi

Jambo zito leo. Bi Odile Calame, mchongaji wetu, amemaliza saa yake. Majira yote ya baridi ameikata kwa msumeno mwembamba kama unywele, akiondoa shaba yote isiyo ya lazima, mpaka imebaki mifupa: magurudumu, springi, na vidaraja vya kuyashikilia. Ukiiinua unaona upande wa pili. Ndiyo ya mwisho kwake. Macho yanamwisha. Alhamisi atapasuliwa macho huko mjini La Chaux-de-Fonds, na daktari hakumwahidi kitu. Kabla ya hapo anataka aione inatembea.

Imebaki kutiwa mishale tu. Bwana Aubry, mwenye karakana, amesema kazi hiyo ataifanya Vuille. Vuille! Eti ana mkono mtulivu. Nimekaa naye meza moja tangu ujana, na mkono huo nimeuona ukimwaga supu. Atakayetia mishale ndiye atakayemkabidhi Bi Calame saa mbele ya wote. Lazima niwe mimi.

Jumanne, 5 Machi

Mpango: kahawa. Nimemnywesha Vuille kahawa nzito tangu asubuhi ili mkono utetemeke. Akanywa, akanishukuru, akasema, "Anselme, leo umeamka na roho nzuri, ndugu yangu." Nikaona haya. Ikapita.

Tatizo ni adabu: huwezi kumnywesha mtu peke yake, kwa hiyo nilikunywa naye kikombe kwa kikombe. Kufika mchana Vuille ametulia kama jiwe. Mimi nimeangusha kibano, nikakiangusha tena, na skrubu moja imeingia kiatuni. Bwana Aubry akauliza kama naumwa. Nikasema ni huzuni juu ya Bi Calame. Akanipigapiga begani. Angalau hilo.

Jumatano, 6 Machi, mchana

Wameenda kula soseji. Nimesema sina njaa. Uongo. Mpango: warudi wakute kazi imekwisha. Nani atabisha?

Mshale wa saa umeingia kama mfalme kitini. Wa dakika ukakataa. Nikaubembeleza. Ukakataa. Nikaubonyeza.

Tik!

Si tik ya saa. Ni kijiwe cha yakuti kinachobeba mhimili wa katikati. Kimepasuka. Magurudumu yote yamesimama. Mchongoma nimeupanda mwenyewe. Nasikia viatu vyao kwenye ngazi.

Jumatano, jioni

Niliketi na uso wa mtu asiyejua lolote. Maneno nilikuwa nayo tayari: baridi, shaba mbovu, Vuille. Bi Calame akaiweka saa sikioni. Kimya.

"Siulizi ni nani," akasema taratibu. "Nauliza tu, alipobonyeza, aliweka kitu cha kuiegemeza kwa chini?"

"Hapana," nikajibu.

Mdomo huu!

Hakuna aliyenicheka. Afadhali wangenicheka. Bi Calame alisema tu kwamba saa kama ile haina nyama. Ukiibonyeza juu bila kuishika chini, unaibonyeza mfupani. Kisha akauliza kama mwanga bado unatosha. Vuille akamwapia unatosha.

Bwana Aubry alitaka kunifukuza palepale. Vuille akamwambia, "Bosi, mfukuze kesho. Leo nahitaji mtu wa kunishikia taa."

Nikashika taa. Haikutikisika, nashangaa. Vuille akang'oa kijiwe, akatia kingine, akaiegemeza saa kwa chini, akatia mishale mmoja baada ya mwingine, akichungulia ubavuni isije ikagusana. Jua lilikuwa linateremka nyuma ya mlima.

Ikatembea.

Vuille hakutoa hotuba. (Mimi ningetoa, niliiandaa.) Alimwekea tu kiganjani. Bi Calame akaenda nayo dirishani, akaisogeza karibu kabisa na jicho la kushoto, lile lenye nafuu.

"Naiona theluji," akasema. "Juu ya paa la jirani. Naiona kupitia humu ndani, na mshale unapita juu yake."

Bwana Aubry akageukia ukutani. Mimi liliniingia vumbi la shaba jichoni. Karakana hii haifagiliwi vizuri.

Ijumaa, 8 Machi

Jana Bi Calame alipasuliwa. Bandeji zitatolewa wiki ijayo, na hakuna anayejua itakuwaje. Vuille ameenda kumwona. Mimi sijafukuzwa. Bwana Aubry amesahau, au amesamehe, sijauliza.

Nimetafakari sana na nimetambua kosa langu: soseji. Soseji huliwa haraka mno. Ingekuwa siku ya jibini ya kuyeyusha, inayoliwa polepole, ningepata nafasi ya kurekebisha kila kitu.

Kiti cha Bi Calame, cha dirishani penye mwanga kuliko kwetu sote, ki wazi. Bwana Aubry amesema mtu asikiguse mpaka arudi. Akarudia, akinitazama mimi. Vuille hana hata habari nacho, jambo linalonitia shaka kubwa. Ana mpango huyu.

Leo nimetundika koti langu kwenye kiti hicho. Koti tu. Jumatatu nitaweka kikombe.