Nilivyowangojesha Watoto Maji ya Matema

Jumatatu, 21 Julai 2025

Baridi kali hapa Isongole. Shule iliita wazazi. Mwalimu Generosa anataka kuwapeleka darasa la tano Matema siku ya Jumamosi, wakasomee ufukweni mwa Ziwa Nyasa: maji, upepo, mchanga, mawe. Anasema mtoto akishika kitu kwa mkono hakisahau. Anatafuta mzee mmoja anayejua maji awasindikize. Kiti cha mzee garini ni kimoja.

Wote wakamgeukia Hezekia, jirani yangu, eti kazaliwa Matema. Kuzaliwa mahali si kazi. Hata mbuzi huzaliwa. Mimi nimekata mkonge Tanga miaka miwili, nimeiona bahari yenyewe. Nikasimama. Nikawaeleza kuwa asubuhi maji yamejaa, mchana yamekupwa, yamerudi nyuma huko mbali, na watu wanatembea pale yalipokuwa wakiokota kaa. 

Hezekia akasema ziwani mambo hayo hayapo. Nikamjibu ziwa ni mdogo wake bahari, litafanya anavyofanya mkubwa wake.

Mwalimu akasema atafikiri.

Jumanne, 22 Julai

Nimemsaidia mwalimu kufikiri. Nimempelekea ndoo ya viazi nyumbani kwake, na katika mazungumzo nikagusia kwamba Hezekia hutapika kwenye gari. Sina hakika kama hutapika. Ila ana sura hiyo.

Kiti nimepata.

Mke wangu Esnath anasema, Baba Lugano, wewe Tanga ulikaa porini kwenye mkonge, bahari uliiona Jumapili moja tu. Moja inatosha. Mimi nimeishia darasa la pili na bado naandika shajara. Kichwa changu hakihitaji kurudia.

Alhamisi, 24 Julai

Mjukuu wangu Atupakisye yuko darasa hilo la tano. Amewatangazia wenzake kwamba babu yake atawatembeza chini ya ziwa kwa miguu. Mwenzake mmoja, Lwitiko, mdomo mrefu, kamjibu kwamba maji yasipoondoka basi kwao ni ukoo wa waongo, na asithubutu kusimama mbele ya watu. Wakati Atupakisye ndiye aliyechaguliwa kusoma ripoti ya safari mbele ya shule nzima!

Jioni akanishika mkono, akaniuliza kama nina hakika kweli, maana yeye ameshasema. Nikamwambia nina hakika kama ninavyolijua jina langu. Akacheka. Akaenda kuchonga penseli.

Jumamosi, 26 Julai

Kona za kushukia Kyela ni nyingi. Nimetapika mara mbili. Nikamweleza mwalimu ni ule ugonjwa wa Hezekia, unaambukiza.

Matema joto, koti langu likawa mzigo. Na nani nimemkuta ufukweni? Hezekia. Ametangulia jana kwa dada yake, kakaa kwenye jiwe, miguu ndani ya maji, kama mwenye nyumba.

Mwalimu akawachukua nusu ya watoto kwenda kuokota mawe, nusu akaniachia. Nikaamuru ndoo za chakula, moja viazi na moja maharage, ziwekwe ukingoni kabisa. Maji yakipwa tutakula chini ya ziwa. Hezekia akaja kusema mchana utavuma upepo wa kusini, tuziondoe. Nikamuuliza aliyekuja na shule ni nani, mimi au yeye. Akarudi kwenye jiwe lake.

Atupakisye akachomeka kijiti pale maji yalipoishia, akawa anaandika kila robo saa. Saa nne. Saa tano. Watoto ishirini wanayatazama maji, maji yanawatazama.

Saa sita akaninong'oneza kuwa kijiti kinamezwa, maji yanapanda. Nikamwambia yanajikusanya ili yaondoke.

Ndipo upepo ukaja. Wimbi la kwanza lilichukua kiatu changu cha kushoto. La pili likapindua viazi. La tatu likaondoka na ndoo ya maharage, mfuniko juu, ikashika njia ya Malawi.

Lwitiko alicheka mpaka akakaa chini. Nikamtazama mjukuu wangu. Machozi yalikuwa yamemjaa. Kisha akainua daftari, akasema kwa sauti kubwa, wote wakamsikia: babu amekosea, maji hayakupwa, nimepima mwenyewe, anayebisha aje asome. Lwitiko akaenda kusoma. Akaacha kucheka.

Dada yake Hezekia akawachemshia watoto wote mihogo na samaki. Nikala. Nikamwambia ndaga fijo, asante sana, huku nikitazama pembeni. Hezekia hakunicheka hata kidogo. Dharau gani hii.

Jumatatu, 28 Julai

Nimesimama nje ya dirisha. Atupakisye alisoma ripoti bila kutetemeka. Akaeleza kuwa maji yalipanda shubiri tatu kwa sababu ya upepo. Na kwamba babu yake aliiona bahari lakini hajawahi kuishi ziwani. Shule nzima wakapiga makofi, Lwitiko kwa nguvu kuliko wote.

Njiani akaniambia ya Tanga anayaamini, ya ziwani atapima kwanza. Nikambebea begi. Macho yaliniwasha kidogo. Ni vumbi.

Ya Tanga anayaamini. Nimeandika mara mbili kwenye jalada.

Jumanne, 29 Julai

Mwalimu Generosa ameniita niombe radhi kwa chakula cha watoto. Nimefika nimevaa kandambili. Nikaona kuomba radhi ni kupoteza nafasi. Nikamfafanulia kwamba kule Matema kosa lilikuwa la upepo. Safari ijayo twende Ziwa Masoko la huku kwetu, liko ndani ya shimo, upepo hauingii sana. Pale maji yatakupwa kwa utulivu, bila kusumbuliwa na mtu. Nikamwambia asihangaike kutafuta mzee mwingine, nitawaongoza mwenyewe.

Amenitazama, akaenda kunifungulia mlango. Nimeona amekubali.