Geti la Soko Huria, Bigwa

Jumatatu, 22 Aprili

Leo nimetangaza uhuru wa kiuchumi. Nimeutangazia jikoni, mbele ya mke wangu Mwanvita, aliyekuwa akichambua mchicha. Hakupiga makofi.

Chanzo ni yule mkusanya ushuru wa sokoni. Nimeshusha mikungu yangu ya ndizi, sijauza hata kidole kimoja, jamaa kashafika na mashine yake ya risiti. Nikamwambia serikali nzuri ni ndogo: jeshi, bendera, basi. Mengine tuachiwe wenye akili. Akanipa risiti na kunitakia siku njema. Nilichukia zaidi kwa ile siku njema.

Nimerudi nyumbani nimefura, nikakaa uani. Hapo ndipo nikaiona. Njia! Miaka yote inapita nyuma ya choo chetu, na mimi nimelala. Kila asubuhi akina mama wa mlimani wanashuka nayo kwenda mjini, matenga vichwani: kabichi, karoti, stroberi. Masika hii ni utelezi mtupu. Mwenye akili ya mtaji afanye nini? Ajenge ngazi za mawe, aweke geti, atoze. Ubepari ndio huo, wala hauhitaji digrii.

Mwanvita kanikumbusha kwamba ardhi ni ya ukoo wa mama yake, mimi nimeikuta. Na kwamba Ijumaa Mjomba Mikidadi, mkubwa wa ukoo, anashuka kuamua nani apewe kile kiwanja kando ya njia: sisi tuweke genge, au binamu yake Abeid afugie mbuzi. Kasema niombe ruhusa kwanza. Nikimuudhi Mjomba, kiwanja hatukipati, na mimi nitajikuta Dumila kwa mama yangu, nakimbiza mabasi na ndoo ya vitunguu.

Ruhusa! Ndiyo inayoua uchumi wa nchi hii.

Jumanne, 23 Aprili

Geti limesimama. Mianzi mitupu. Nimelipaka rangi za bendera, maana mimi si bepari wa kutorosha fedha nje. Mimi ni mzalendo! Kijani nilikuwa nacho. Njano nimeomba kwa fundi rangi. Nyeusi ni oili chafu ya gereji. Bluu hakuna mtaa mzima. Nikachukua bluu ya kufulia ya Mwanvita, nikaikoroga na uji wa muhogo ishike. Imetoka safi kabisa. Mwanvita kauliza sare za mtoto wetu Hafidha atazing'arishaje. Nimemwambia taifa kwanza. Chakula cha jioni kimechelewa.

Nimetangaza kwamba ngazi zitafuata mapato yakianza.

Jirani yangu Fransisko, mkulima wa karoti, kaegemea jembe lake kutazama. Kauliza kwa nini geti halina ukuta, mtu si atazunguka pembeni tu. Nikamjibu halihitaji ukuta, linahitaji heshima. Kacheka mpaka kofia ikamdondoka. Wivu huo.

Jumatano, 24 Aprili

Alfajiri nipo getini na filimbi. Wa kwanza kufika ni Bi Maria, muuza stroberi, mwanamke wa maneno. Nimemweleza kwa upole kwamba njia sasa ni ya binafsi, huduma bora, atoe kidogo apite. Kauliza huduma iko wapi. Nikamwonyesha geti. Kaliangalia mbele, kaliangalia nyuma. Kisha akageukia mlimani na kuwapigia kelele wenzake, sauti ya kuvuka mabonde mawili, kwamba mume wa Mwanvita kapata homa ya kichwa.

Basi wote wakakata kona kwa Fransisko! Kumbe msaliti kafungua njia katikati ya migomba yake. Bure! Na huko chini kaweka benchi, mkewe anauza chai na vitumbua. Wanakula, wanacheka, wananionyesha kidole. Harufu ya vitumbua imenifikia nikiwa na njaa.

Huu si ushindani, huu ni uhuni. Nimekwenda mbio ofisi ya mtaa kumtaka mwenyekiti afunge njia ya Fransisko, ikibidi alete mgambo. Kuna mambo bila serikali hayaendi! Mwenyekiti kanisikiliza vizuri sana, mpaka mwisho. Halafu kaomba kuona kibali cha geti langu. Nikamwambia nimeacha maharage jikoni.

Ijumaa, 26 Aprili. Sikukuu ya Muungano

Asubuhi. Mvua. Nimechomeka kibendera juu ya geti na kuimba wimbo wa taifa peke yangu, beti zote. Machozi yakanilenga, nasema kweli. Naipenda nchi hii. Ni ushuru wake tu.

Na hapo, mteja! Mzee kajifunika nailoni mpaka puani, kanzu kaikunja magotini, kuku kwapani. Sikumwamkia. Biashara haina umri. Ukianza na shikamoo, kinachofuata ni punguzo. Kauliza njia hii ya nani. Nikasema yangu. Kauliza tangu lini. Nikasema tangu Jumanne. Kasema hana chenji, akanipa maparachichi mawili. Nikamfungulia. Mianzi imevimba kwa mvua, ikabidi ajipenyeze kwa kifua, nikimsukuma kidogo kwa nyuma. Hiyo ndiyo huduma. Mfumo unafanya kazi!

Jioni. Ole wangu.

Nimeingia ndani na maparachichi yangu kama mshindi. Kwenye kiti changu kakaa mzee. Kanzu nyeupe, kifuani michirizi ya bluu mpaka magotini, na oili nyeusi begani. Mwanvita anammiminia chai, anamwita Mjomba. Mimi nilimwona siku ya ndoa tu, kavaa koti na miwani! Mlimani sipandi, magoti yangu hayataki.

Nikasema shikamoo. Kimya. Nikasema tena. Kimya. Ya tatu akaitika, akaeleza kwamba mbili za kwanza zilikuwa deni la asubuhi. Nikaanza kuzinusa ndoo za vitunguu.

Kikao kimekuwa kifupi. Fransisko kaitwa kuwa shahidi, kala paja la kuku. Mjomba kasema njia ilikuwepo kabla ya ukoo, na ukoo haujawahi kumzuia mpita njia, sembuse mkwe. Abeid, aliyekaa mlangoni, akaanza kutabasamu. Lakini kiwanja kapewa Mwanvita, kwa jina lake peke yake, kwa sababu kamvumilia mtu kama mimi. Mimi nibaki, kwa masharti mawili. Nijenge ngazi nilizotangaza, zote, kwa mikono yangu, bure. Na nisiweke geti tena maisha yangu yote.

Geti limekuwa mlango wa banda la kuku. Nikamtolea Mjomba maparachichi. Kayakata, kagawa, mimi kanipa kokwa.

Jumatano, 1 Mei. Sikukuu ya Wafanyakazi

Wafanyakazi wote nchini wamepumzika. Bepari pekee wa Bigwa kabeba mawe.

Ngazi zimekwisha leo. Akina mama wamerudi njia yao, na genge la Mwanvita halina nafasi ya kusimama. Hata Fransisko anamletea karoti. Mwanvita hakuomba ushauri wangu wa soko huria hata mara moja, na bado anauza. Bahati.

Bi Maria kapanda na kushuka ngazi mara mbili kuzijaribu, kisha kanipa bakuli la stroberi na kuniambia ahsante, baba, leo sikuteleza. Nilifurahi sana, nikala zote hapo hapo nikitazama paa za mjini kwa chini. Hafidha anawaambia wenzake baba yake ndiye kajenga. Nimejisikia Mtanzania kamili.

Na nimejifunza. Tatizo halikuwa wazo, tatizo lilikuwa bluu.

Sasa, ngazi zinaishia kwenye kijito. Masika hii kimejaa, akina mama wanavua ndala, wanapandisha kanga, wanahangaika. Magogo mawili tu na mbao kidogo. Nimeyakumbuka maneno ya Mjomba, neno kwa neno. Kakataza geti. Daraja hakulitaja.

Na fundi rangi kanipatia bluu ya mafuta. Hii haichuruziki.