Profaili ya Sita

Injinia hakuwa injinia. Aliwahi kufungua redio ya jirani yake ili aitengeneze, na redio ile haijasema neno mpaka leo. Lakini alikuwa na miwani, begi la kompyuta na sauti ya mtu anayetoa pole, na mjini vitu hivyo vitatu vinatosha kumpa mtu cheo.

Siku hiyo alikuwa amepeleka suruali ibadilishwe zipu kwa Mama Mitindo, fundi cherehani aliyeshona magauni ya harusi sebuleni kwake. Akakaa nyuma ya pazia, shuka ya kuazima kiunoni, akisubiri. Chini ya televisheni kulikuwa na kisanduku cheusi kikipepesa taa ya kijani.

"Mama, neno la siri la seva ni lipi, nifungue michoro?" binti mmoja aliuliza kutoka jikoni.

"Moja mbili tatu nne," alijibu Mama Mitindo, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani.

Injinia akasahau suruali. Siku tatu nyuma, Mkasi, mwenye duka kubwa la magauni katikati ya mji, alikuwa amemlilia shida. Mkasi alikuwa na vioo, sanamu za kuvalisha na kiyoyozi. Alichokosa ni wateja, maana mabibi harusi walipiga picha mbele ya vioo vyake kisha wakaenda kushonewa kwa Mama Mitindo. "Niletee michoro yake ya kukatia," alikuwa amesema, "na pikipiki ile nyekundu ni yako." Kumbe michoro yenyewe, kazi ya miaka ishirini, ilikuwa imelala kwenye kisanduku kile. Ndiyo iliyokuwa chungu cha nyumba ile. Kikivunjika, hakuna anayekula.

"Mama, nisamehe kuingilia," Injinia alisema nyuma ya pazia. "Seva yenu iko uchi kuliko mimi."

Mume wa Mama Mitindo akashusha gazeti. Alikuwa askari magereza mstaafu, na mtaa mzima ulimwita Afande. "Uchi vipi?"

"Watu wote mnaingia mlango mmoja kwa ufunguo mmoja. Kule gerezani ilikuwa hivyo, Afande?"

Hapo akawa amepigilia msumari mahali pake. Tangu astaafu, Afande alikuwa hana cha kufunga ila banda la kuku, na hata kuku walikuwa wamemzoea. Akavuta kiti.

Injinia akaeleza kwamba kila mtu anatakiwa awe na profaili yake na neno lake la siri, aone mafaili yake tu, na juu yao wote awepo msimamizi mmoja. Kisha akaanza kutunga kanuni.

"Nywila isipungue herufi kumi na mbili."

"Kumi na sita," alisema Afande.

"Ibadilishwe kila mwezi."

"Kila wiki."

"Mtu akikosea mara tatu, afungiwe nje nusu saa."

"Siku nzima. Ajifunze."

Mpaka saa kumi profaili tano zilikuwa tayari: ya Afande msimamizi, ya mkewe, za mabinti wawili na ya mama mkwe. Mama mkwe alishafungiwa nje kabla hata chai haijachemka. Akanung'unika kwamba zamani picha za wajukuu zilikaa ukutani na hazikumdai mtu herufi kubwa.

Profaili ya sita Injinia aliiumba pale Afande alipokwenda kutafuta karatasi ya kubandikia kanuni. Akaipa jina mfumo_2, ili atakayeiona adhani ni kiungo cha mashine, akaiachia ruhusa ya kufungua kila kitu, tena kutokea mbali. Malipo alikataa. Alisema usalama wa familia ni wito, si biashara, na Mama Mitindo, ambaye moyo wake ni mwepesi, akamshonea zipu bure.

Hayo yalikuwa Jumatatu. Alhamisi asubuhi Injinia akaketi kwenye mgahawa wenye intaneti, akaingia kwa mfumo_2 na kuvuna michoro yote. Mchana alikuwa juu ya pikipiki nyekundu. Alipopita mtaa wa Mama Mitindo aliona haya. Akaongeza mwendo, haya ikabaki nyuma.

Jumatano ya wiki iliyofuata Mkasi akapiga simu. Hakusalimia.

"Binti yangu anaolewa Jumamosi," alisema. "Wa pekee. Nimechukua mchoro mzuri kuliko yote, nimeukatia kitambaa ambacho sitakipata tena, maana nilikinunua chote. Mkono wa kushoto unamtosha mtoto wa darasa la kwanza."

"Na kiuno?"

"Kiuno usikitaje. Mwanangu analia tangu asubuhi. Niletee mchoro wa kweli kesho, ama nije nikupime mwenyewe."

Fundi nguo akisema anakuja kukupima, mara nyingi ni habari njema. Injinia alifungua kompyuta. Seva ikamwandikia: *Nywila yako imekwisha muda. Mwone msimamizi.* Akakisia mara tatu, ikamfungia siku nzima. Akamlaani Afande na kila-wiki yake, ingawa kanuni alizileta yeye kwa mdomo wake.

Kesho yake akaenda mwenyewe, na begi lake na sauti yake ya pole. "Nimekuja kuwafanyia ukaguzi, Afande. Bure."

"Ingia, kijana. Kaa." Afande naye akakaa, kiti chake kikiziba mlango kabisa. Mapajani alikuwa na daftari. "Gerezani tulihesabu watu asubuhi na jioni. Nimestaafu mimi, mkono haujastaafu. Jumanne ya wiki jana asubuhi nikafungua orodha ya profaili, nikahesabu. Humu ndani tuko watano. Orodha inasema sita. Nikanywa chai, nikahesabu tena."

"Hiyo ya sita ni ya mashine."

"Hata mimi nilijiambia hivyo. Sasa Alhamisi saa nne na dakika kumi mashine ikaingia, ikachukua magauni mia mbili. Mashine inavaa magauni?"

Injinia akalivuta begi lake karibu.

"Ulitufundisha mwenyewe, mwanangu, kila mtu aone cha kwake," alisema Mama Mitindo bila kuinua macho kwenye cherehani. "Michoro yangu ya kweli niliitoa kwenye kisanduku nikaiweka kwangu Jumanne hiyo hiyo. Nikamwachia mgeni nakala. Mimi na wanangu tumeshinda siku mbili tunazipunguza hapa, tunazirefusha pale."

"Ningeziba tu shimo," Afande alisema. "Mke wangu akasema tuone kwanza nani atatoka ndani yake."

Injinia alikuwa na mama mzazi aliyetundika ukutani picha ya mwanawe amevaa kofia ya ujenzi ya kuazima, na kila mgeni alionyeshwa picha ile kabla ya kupewa kiti. "Mtanipeleka polisi?"

"Orodha ya kuingia na kutoka nimeshaichapisha, na kituo kiko hapo kona," Afande alisema. "Lakini jana mke wangu alipokea oda ya haraka, na hana mtu wa kuifikisha. Naona umekuja na pikipiki. Tuite kifungo cha nje. Miezi sita."

Jumamosi alfajiri Injinia akakabidhiwa boksi kubwa jeupe, daftari la kutia saini na maelekezo ya nyumba yenye geti la bluu. Akabisha. Mama mmoja akafungua, akalipokea boksi kwa mikono miwili, akamwita binti yake kwa sauti ya kulia. Nyuma ya mama huyo, futi ya kupimia ikiwa shingoni, alisimama Mkasi.

Injinia akarudi nyuma hatua moja. Mkasi hakumtazama. Akalifunua gauni, akageuza pindo, akachungulia mishono kwa ndani, kisha akakaa kwenye ngazi. Mkewe alikuwa amekwenda kwa mpinzani wake bila kumwambia, na hakuna fundi anayeweza kulitukana gauni kama lile. Binti akatoka amelivaa. Lilimkaa sawasawa, na baba yake akajifuta macho kwa mkono.

Injinia akapumua, akampa mama wa bibi harusi daftari atie saini, akatoka nje ya geti akilitia begini. Huku nyuma yake pikipiki, aliyoiachia ufunguo, ikanguruma. Alipogeuka, Mkasi alikuwa ameshaiingiza uani na kulifunga geti la bluu.

"Pikipiki ilikuwa ya michoro," alisema Mkasi kupitia upenyo. "Michoro iko wapi?"

Simu ikaita. Alikuwa Afande. "Umefikisha?"

"Nimefikisha."

"Wamepokea vizuri?"

Injinia alitazama geti. "Wamepokea kila kitu, Afande."

"Basi rudi. Kuna magauni manne ya wapambe, yanatakiwa huko huko kabla ya saa nne."

Injinia akavua miwani, akaitia mfukoni, akaanza kukimbia. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa anachelewa kazini.