Mama Mkwe Kwenye Jalada

Jumatatu, 3 Machi
Leseni imefika! Kuanzia leo mimi ni mhariri mkuu. Jarida linaitwa Mvi, ni la wazee, na toleo la mtaa wetu ni langu peke yangu. Makao makuu wanatuma kurasa za afya na mafumbo zikiwa tayari. Mimi natafuta picha ya jalada, habari za mtaani na matangazo. Kazi ya kitoto. Ofisi: meza ya kulia. Mke wangu kauliza tutakula wapi. Nimemjibu kwamba mtu mwenye maono haulizwi habari za sahani. Tumekula jikoni, wima.

Jumanne, 4 Machi
Nimemwendea shemeji, kaka yake mke wangu, mwenye duka la dawa, anipe tangazo la ukurasa wa nyuma. Kanicheka mbele ya wateja! Eti kwanza niuze ile mashine ya kutotolea vifaranga inayooza stoo. Wivu mtupu. Hizo dawa za presha anawauzia nani kama si wasomaji wangu? Nitamkomesha.

Jumatano, 5 Machi
Jalada limepatikana: mama mkwe, tunayeishi naye. Akili hiyo! Nani atathubutu kuidai meza akishaona mama yake yuko jaladani? Alijifanya hataki, eti mzee kama yeye picha za nini, huku keshavaa hereni. Picha kachagua mwenyewe, ile anayocheka. Na kaniita “mwanangu”. Tangu nioe nilikuwa “huyo wako”. Nilitoka nje kidogo, macho yaliniwasha.

Ijumaa, 7 Machi
Ukurasa wa nyuma umeuzwa! Fundi majeneza wa barabara ya hospitali. Alikuwa na wasiwasi, akauliza wazee hawatakasirika? Nikamwambia, fundi, wazee wanapenda kujipanga mapema. Maneno nimetunga mimi: “Mbao ngumu, kitambaa laini. Njoo upimwe leo!” Sijawahi kuandika kitu kitamu hivi.

Jumatatu, 10 Machi
Mchapaji kaleta mzigo. Mama mkwe kaalika wenzake wa kikundi waje waone. Mmoja akalifunua jarida, akalilaza mezani kifudifudi. Jalada la mbele na la nyuma yakakaa bega kwa bega: huku mama mkwe anacheka, huku jeneza liko wazi. Njoo upimwe leo!

Kisha rafiki yake akamkumbatia akilia, akamuuliza ni ugonjwa gani huo na kwa nini kawaficha.

Mama mkwe akamgeukia mke wangu. “Huyo wako ananipima sanduku, na mimi bado natafuna?”

Jumanne, 11 Machi
Watu wanaleta pole. Mchana limeletwa turubai na viti, nimevirudisha. Shemeji kaja na gari kumchukua mama yake. Kachukua na meza, kwa kuwa ni mama aliyetununulia. Fundi naye kapiga simu: wazee wawili wamemfuata dukani kumtukana. Mmoja alipomaliza kutukana, kauliza bei. Nilijua tu!

Alhamisi, 13 Machi
Makao makuu wamenifutia leseni. Hawalijui soko. Nimekwenda kwa shemeji kuomba radhi. Nikamwambia mama mkwe kwamba kusema kweli, yeye ndiye aliyependeza kuliko jeneza. Kafunga mlango. Nilipopita dukani kwa shemeji nikaona picha ya mama mkwe ya jaladani ukutani, ndani ya fremu, ukurasa wa nyuma umekatwa. Wateja wanaisifu. Shemeji anavuna jasho langu bure!

Nimerudi kwa miguu, kichwa chini. Kufika kona ya duka la magauni ya harusi, nikasimama ghafla.

Ijumaa, 14 Machi
Jarida la maharusi! Wazee walikuwa kosa la makao makuu. Tayari nimepata tangazo la ukurasa wa nyuma: wakili wa talaka. Mke wangu, ambaye hajanisemesha tangu Jumatatu, kaniomba namba ya simu ya huyo wakili.

Hatimaye ameanza kuipenda biashara.