Kiti Namba Mbili cha Lori la Kasanga

Jumatatu, 7 Juni 1976

Baridi kali. Vidole vimekufa ganzi. Jumamosi iliyopita abiria wawili waligombea kiti namba nne cha lori la Kasanga, kila mmoja ana tikiti halali. Moja niliiandika mimi, nyingine Wilibrodi. Madirisha mawili, makarani wawili, daftari moja. Nilichungulia nikaona namba nne haina mtu, nikageuka kuchonga penseli. Naye akachungulia, akaona haina mtu. Sote tukaandika. Ndugu Muhidin, meneja wetu, amesema atakayekosea tena atakwenda kijijini kupima mahindi. Alinitazama mimi. Kwa nini mimi?

Kosa hili nalijua tangu Dar es Salaam, nilikopelekwa kujifunza kuiandikia kompyuta maagizo. Kumbukumbu ya mashine ni visanduku vyenye namba. Kazi mbili zikiandika kisanduku kimoja kwa pamoja, kinachobaki humo ni takataka, na mashine hailalamiki. Kisha mashine mpya zikazuiwa kuingia nchini, nami nikaletwa Sumbawanga kuandika tikiti. Tangu hapo natunga lugha yangu ya kuamuru mashine, lugha ambayo kosa kama hilo haliandikiki kabisa. Imo kwenye daftari la kijani. Mashine sina.

Habari nyingine, nayo mbaya. Kulsumu, mpiga chapa wetu, amehamishiwa bandarini Kasanga. Anaondoka Jumamosi. Kiti namba moja, mbele, karibu na dereva. Miezi kumi na minne nimeisikiliza taipureta yake nyuma ya ukuta. Akikosea herufi hunyamaza kidogo, nami hushusha kalamu hadi aendelee. Sijawahi kumwambia lolote zaidi ya habari za kazi.

Namba mbili haina mtu. Safari ya siku nzima!

Jumanne, 8 Juni

Nimempelekea meneja kanuni za lugha yangu. Sikumwambia ni za mashine. Nilisema ni za daftari la viti. Ya kwanza: kila kiti mwenyewe mmoja, hakuna kubanana. Ya pili: wasomaji wa daftari wawe wengi wapendavyo, lakini mwandishi ni mmoja, na lazima awe na kibao cha mbao cha zamu, kimoja tu, mkononi. Ya tatu: ukurasa ukifutwa, tikiti zake zote zimekufa.

Wilibrodi alicheka. Anasema yeye huandika tu, na watu hufika. Ndivyo zilivyo lugha nilizofundishwa: zinakuamini, unaandika tu, hadi siku watu wasipofika. Yangu haimwamini mtu. Hata mimi mwenyewe.

Meneja amekubali! Tena ameagiza nakala ipelekwe Kasanga Jumamosi, na mpelekaji ni mimi. Nimeshika kibao, nikajiandikia namba mbili. Tikiti imo mfuko wa shati, upande wa moyo. Nimeitoa kuitazama mara sita.

Alhamisi, 10 Juni

Balaa. Kuandika kunahitaji kibao na kalamu ya wino, na kalamu ni moja. Asubuhi nilishika kibao. Wilibrodi alishika kalamu. Nikamwomba kalamu. Akaniomba kibao. Kanuni inasema aliyeshika haachii mpaka amalize kuandika. Basi tukasubiriana tangu saa tatu hadi saa sita, tumetazamana kama sanamu mbili za kanisani. Foleni ilifika barabarani. Mama mmoja alimuuliza mwenzake kama sisi tunalipwa kwa kukaa kimya.

Kulsumu alipita na faili. Aliniuliza taratibu kama kweli nasafiri Jumamosi. Moyo ulipiga mpaka nikaogopa atausikia. Nikamjibu kwamba suala hilo linakaguliwa. Linakaguliwa! Mpumbavu mimi.

Saa sita meneja alikuja, akatunyang'anya vyote viwili, akachana ukurasa na kuuandika upya kwa mkono wake. Nilitulia. Tikiti yangu ninayo.

Jumamosi, 12 Juni

Niandike haraka kabla sijajionea aibu kuandika.

Nilifika saa moja, nimechana nywele kwa maji, baridi ikanipasua kichwa. Kulsumu yupo namba moja, kitenge cha kijani. Namba mbili ameketi Bibi Albina wa Pito, kikapu mapajani, anakwenda kumwona binti yake aliyejifungua. Nikatoa tikiti. Wilibrodi akafungua kanuni zangu na kunisomea ya tatu, kwa heshima kubwa. Tikiti yangu ni ya ukurasa uliochanwa, na kwenye ule mpya jina langu halimo. Imekufa tangu Alhamisi. Nimetembea siku mbili na maiti mfukoni.

Bibi Albina akanihurumia. "Panda, mjukuu wangu. Mimi mwembamba, tutabanana."

Meneja alikuwa mlangoni, ananitazama. Kanuni ya kwanza. Nikamwambia bibi haiwezekani.

Ndipo Kulsumu akainama dirishani. "Basi kaa nyuma juu ya magunia, Flavian. Tukifika katikati ya njia nitahamia nyuma nikupe habari."

Nikamwambia magunia hayana namba.

Kulsumu akapandisha kioo. Lori likashuka, nikabaki nalisikiliza mpaka upepo ukalichukua. Nakala za kanuni zilikuwa bado mkononi mwangu.

Jumatatu, 14 Juni

Nyuma ya ukuta kimya. Nimeshusha kalamu mara nyingi, nikingoja aendelee.

Dereva amerudi na kifurushi cha dagaa. Kimetoka kwa Kulsumu. Anauliza nitakwenda lini.

Ujumbe ni wa mdomo tu, nikamwomba dereva aurudie mara tatu.

Wilibrodi, sijui ana nini leo, akaniita dirishani. Namba moja na namba mbili za Jumamosi hazina mtu. Kibao kipo. Kalamu ipo. Aandike jina langu?

Nikamwambia angoje. Nimegundua kasoro! Lugha yangu haina kanuni ya kuazima: mwenye kiti amwazime mwenzake kwa muda maalumu, kisha kirudi kwake. Bibi Albina alikuwa sahihi kabisa, ila hakuwa na kanuni. Nimeanza kuitunga. Lazima ikaguliwe kwanza, kila upande. Wiki tatu. Labda tano.

Saa tano Wilibrodi amewapa viti vyote viwili fundi cherehani na mkewe. Kibao kilikuwa mkononi mwake. Ukurasa ni safi, hakuna aliyegombea.

Kanuni zinafanya kazi vizuri sana.