Malalamiko Kuhusu Kabichi ya Shirley

Kwa mkwe wangu mpendwa, Mama Shirley,
Fort Ternan.

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyetuamsha salama na baridi hii. Hujambo? Magoti yako yanaendeleaje, na duka je? Sisi hapa Merigi tuko wazima, ingawa ukungu wa Julai haujatoka kwenye majani chai tangu Jumapili na nguo zimekataa kukauka. Ng'ombe wanatoa maziwa. Watu wanakula. Na hapo ndipo penye shida, mkwe wangu: watu wanakula sana.

Naandika kwa heshima na upendo kulalamika juu ya binti yako. Tangu mwanangu Kipkirui amuoe sijaona kosa kwake. Anaamka mapema, anasali, hajibu mtu vibaya. Lakini mboga yake imetushinda. Anachukua kabichi, kitu tunachokijua sisi sote, anaikata nyembamba kama uzi, anaweka karoti na minji, na kitunguu anakikaanga kwa malai ya maziwa yetu wenyewe mpaka kinanukia barabarani. Halafu anafunika, anapunguza kuni, anaiacha itoe jasho polepole hadi ile ya chini ishike rangi. Mwisho dania. Unakaribishwa mboga, kumbe ni mtego.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Maombi. Zamani Baba Kipkirui akiombea chakula alikuwa anaombea serikali, wagonjwa, wasafiri na mvua, hata ugali unapoa. Siku hizi anasema, "Bwana, unajua yote, amina," na mkono uko kwenye sahani. Nikamuuliza, "Mzee, na wagonjwa?" Akasema, "Hao nitawaombea nikishiba."

2. Jogoo. Mchungaji Isaiah alitutembelea, nikachinja jogoo mkubwa. Mchungaji alichukua shingo tu, kwa adabu, akaomba aongezwe mboga. Halafu akaomba tena. Jogoo akabaki pale katikati ya meza akituangalia. Alikufa bure, mkwe wangu.

3. Ua. Unajua kwetu baba mkwe haingii jikoni kwa mke wa mwanawe. Baba Kipkirui ni mtu wa heshima, haingii. Anachofanya ni kurekebisha ua ulio karibu na dirisha la jiko hilo. Kitunguu kikianza kunukia, ameona mti umelegea. Shirley naye kwa adabu zake anaweka bakuli dirishani na kugeuka upande mwingine. Sasa ua huo hata kifaranga hapiti, na upande wa ng'ombe uko wazi kabisa. Jana ndama alimaliza sukuma wiki ya jirani.

4. Majani chai. Wachumaji wetu wanaanza na mistari ya juu, karibu na nyumba, na hawashuki. Kule bondeni chai imekuwa miti. Nikiwauliza, wanasema chini kuna baridi.

5. Hili ndilo linaloniuma. Kila Julai akina mama wa kanisa wanakutana hapa, na mboga ya mkutano ni mimi, tangu Kipkirui akiwa mgongoni. Nachemsha, natia chumvi na maziwa, watu wanamshukuru Mungu. Mwaka huu mwenyekiti wetu, Mama Nelvine, alikuja akanishika mkono vizuri sana: "Rodah, wewe pumzika. Utapokea wageni mlangoni. Mboga tumempa Shirley." Kupokea wageni! Nisimame kwa baridi nikisema karibu, karibu, na moto wangu una mtu mwingine. Nilitabasamu. Nikaenda nyuma ya ghala nikalia kidogo, nikaomba, nikarudi.

Kwa hivyo nakuomba kwa moyo safi uje umchukue Shirley kabla ya mkutano, akae kwako mpaka baridi iishe. Jua likitoka tutamrudisha kwa nyimbo, maana wakati wa joto watu wanakunywa maziwa lala na hawajali mboga. Kama huwezi, basi mwambie aharibu kidogo. Chumvi izidi. Ama aichemshe tu, kama watu.

Nisalimie Baba Shirley, watoto wote, wateja wako, na hata yule mbwa wenu aliyenifukuza siku ya harusi.

Ni mimi dada yako katika Kristo yule aliyelisha watu elfu tano bila kabichi,

Rodah, Mama Kipkirui.

Tanbihi: Nilikuwa nimeshafunga barua, Shirley akaniletea sahani hapa hapa mezani. Nimekula, nimeifungua barua tena. Nimemuuliza mapishi haya alifundishwa na nani. Akacheka, "Mama, si ni mama yangu? Na mimi sijamfikia hata nusu." Mkwe wangu, kumbe ulinificha! Usimchukue mtoto. Njoo wewe, na mwiko wako, ukae mpaka baridi iishe. Nitamwambia Mama Nelvine kwamba mkwe akiwa mgeni haachwi peke yake kwa moto, si adabu, kwa hivyo nitakuwa hapo kando yako nimeshika kifuniko. Mlangoni atasimama yeye mwenyewe. Mkutano ni Alhamisi ijayo. Tafadhali nijibu upesi.