Ghorofa Sita na Kiuno Changu

Leo nimeumbuka jamani. Tena mbele ya wakwe.

Baba Somoe, mfanyabiashara wa korosho hapa Masasi, anajenga hoteli ya ghorofa sita. Injinia ni mimi. Aliyepeleka posa kwa binti yake Somoe ni mimi pia, na leo ndiyo nilikuwa napewa jibu (nilipiga pasi hadi soksi).

Kwanza tukazungumza jengo. Mzee anataka nguzo za juu ziwe nyembamba.

"Huko juu kuna uzito gani? Vitanda tu!"

"Baba, tetemeko likija, jengo haliyumbi kwa namna moja. Namna ya kwanza, lote linalalia upande mmoja. Lakini zipo namna za juu, katikati linakwenda kushoto, kichwani kulia. Hizo zinavunja nguzo za juu. Tusipozihesabu tumekwisha."

"Sijakuelewa."

Mwenye akili angechora. Mimi nikasimama.

Namna ya kwanza, nikayumba mzima mzima. Mzee akatikisa kichwa kukubali. Namna ya pili, kiuno kushoto, mabega kulia. "Ehee!" akasema. Nikapata moto (sifa mbaya!). Namna ya tatu, magoti huku, kiuno kule, mabega huku. Nikafumba macho. Nikaongeza kasi, maana namna za juu huenda mbio.

Puu! Sinia limeanguka.

Nikafumbua macho. Mlangoni yupo Mama Somoe, chai yote iko sakafuni. Nyuma yake bibi yake Somoe, kungwi wa kule Mnyambe, Newala. Wanawali wa kata nzima wamechezwa unyago na yeye.

"Mjukuu wangu," bibi akasema, mkono mdomoni, "hicho kiuno ni cha unyagoni. Mwanaume umekionea wapi?"

"Shikamoo bibi. Hili... hili ni tetemeko."

"Marahaba. Tetemeko gani? Hilo nalifundisha mimi!"

Mama Somoe akajifunika khanga usoni, mabega yanamcheza kwa kicheko. Mzee akaangalia dari. Yarabi, ningepata shimo ningeingia!

Nguzo nene zimekubaliwa mpaka juu kabisa. Mzee ametia saini bila kunitazama. Posa hakuna aliyeitaja.

Sasa hivi imeingia meseji ya Somoe: "Bibi kasema jibu lisubiri mpaka umtaje mwanamke aliyekufundisha. Na mimi nataka kumjua."

Nimefundishwa chuo kikuu, wallahi! Haya, nani kati yenu angeniamini?